Kula Chumvi Nyingi

Wakiulizana Kibokoni kuhusu umri wangu
walisema: Mselemu? Yule kala chumvi nyingi.
Sikujua kuna daftari la hesabu hiyo
na karani wake ni miguu.

Ilianza na makubadhi. Ijumaa moja yalinikataa.
Nikabonyeza mundi kwa kidole: shimo likabaki,
kama kwenye unga wa mahamri uliokwisha umuka.
Usiku nikalala nimeketi, mito mitatu mgongoni,
navuta pumzi kama mtu anywaye kwa mrija uliopasuka.

Makadara, Nesi Kadzo alichora moyo nyuma ya kadi yangu.
Mistari minne, basi. Hakusema umekufa.
"Umechoka kusukuma, baba. Nawe kwa kila kijiko cha chumvi
wautwika mtungi mwingine."
Akaandika: chumvi ya kutwa, isifike kijiko cha chai,
na iliyomo kwenye mkate ihesabiwe.
Akaandika: vikombe sita vya maji. Chai imo. Supu imo.
Akaandika: panda mizani kila alfajiri;
zikizidi kilo mbili kwa siku mbili tatu, njoo, usingoje.

Nikamwambia kazi yangu.
Miaka thelathini na minane, sufuria za harusi
toka Kuze hadi Majengo, biriani ya watu mia nne,
na mimi ndiye niliyeamua imekolea au haijakolea.
Ulimi huu ndio uliojenga nyumba ninayolala.
Akanitazama.
"Basi ulimi na ustaafu, baba. Mikono iendelee."

Siku za kwanza chakula kilikuwa karatasi.
Mwanamkuu alitia ndimu, thomu, bizari, ukwaju,
pilipili ya kuamsha maiti,
kila kitu isipokuwa kile.
Nikala kama mtoto anyweshwaye shubiri. Nikamsema maneno.
Hakujibu. Alipakua sahani yake chungu kile kile,
na watoto chungu kile kile.
Nyumba hii haina chakula cha mgonjwa.

Kisha siku ya ng'onda.
Nilikwenda Marikiti kununua ndimu, ndimu tu.
Papa mkavu akaniita kwa jina langu la utoto.
Kipande cha kiganja; nikakila kichochoroni nimesimama,
mtu mzima na ndevu zake nyeupe, kama mwizi wa kuku.
Kesho yake mizani ilisema kilo mbili na nusu.
Chumvi ikiingia huita maji,
na maji hayana adabu, hukaa popote:
kifundoni, tumboni, kwenye kiti cha pumzi.
Nikarudi Makadara kwa sindano na aibu.
Kadzo hakunikemea. Aliuliza tu: "Kilikuwa kitamu?"
Nikafikiri.
"Hata. Kilikuwa chumvi."

Siku hizi mtihani ni kiu, na joto hili la Machi.
Jagi la buluu, likiisha limekwisha.
Nasukutua, natema. Namumunya kokwa ya ukwaju
mpaka ilainike kama ushanga.

Juzi wamekuja kwa Bwana Shekuwe, wataka biriani ya harusi.
Nimekwenda. Nimekaa kwenye stuli mbele ya sufuria,
na Tima, mjukuu wangu, miaka kumi na mmoja, kashika upawa.
"Onja. Imefika?"
Anaonja, afumba macho vile nilivyokuwa nikifumba.
"Bado, babu. Kidogo."
Natia kwa vidole vitatu. Nasikia punje zikianguka,
zile nilizozirusha umri mzima bila hesabu.
"Sasa?"
Anakawia. Moshi wa kuni umetuingia machoni sote wawili.
Chini ya stuli iko bakuli yangu ya mchicha,
nimeijaribu wakati yeye akifikiri:
una chumvi yake wenyewe, ya udongo, ndogo mno.
Miaka yote hiyo
nilikuwa nikiipigia kelele.